Kundi la Watazamaji

Nazira alipoambiwa Jumatatu asubuhi kwamba kazi yake ya juma hilo ni kuwapanga watu makundi, alifurahi. Kupanga watu ni jambo analolijua kila mwanamke wa Mocímboa aliyewahi kusimamia harusi: nani akae jamvi la mbele, nani apelekewe sahani ndani, nani asiwekwe karibu na nani kwa sababu ya yale maneno ya mwaka juzi. Alisahau kitu kimoja tu. Harusini makundi hayo hayaandikwi popote, wala hakuna mtu anayetumiwa ujumbe wa simu kuambiwa yuko lipi.

Ofisi ya mradi wa ujenzi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko la samaki, lile lililoungua mwaka wa kukimbia vita. Watu walikuwa wamerudi, samaki nao wamerudi, na kuta zilikuwa zimepanda upya. Lililobaki ni paa. Dona Natércia, mkuu wa mradi, mtu aliyeletwa kutoka Maputo na asiyependa feni izimwe hata anapotoka, aliigeuza kompyuta upande wa Nazira. Akamweleza kwa Kireno cha polepole, kile anachowasemea watu wote wa huku hata waliosoma, kwamba kuanzia sasa mradi mzima utaendeshwa ndani ya sistema moja ya kompyuta. Kila ombi litaingia humo: misumari, saruji, mabati, mpaka likizo na kontrato, ile mikataba ya wafanyakazi. Na ndani ya sistema mna msaidizi wa akili bandia. Huhitaji kujua lolote. Unamwandikia unachotaka, yeye anaunda makundi.

"Hata kwa Kiswahili?" Nazira aliuliza.

"Hata kwa Kimakonde, wanasema. Orodha ya watu ni hii. Watatu wanaidhinisha: mimi, fundi mkuu, na Délcio wa ghala. Wengine wote ni watazamaji. Wataona kazi inavyokwenda, basi." Akafunga mkoba wake. "Naenda Pemba, narudi Alhamisi. Kontrato yako inaisha Ijumaa saa sita mchana, unakumbuka. Nikikuta sistema imekaa vizuri, tutaona."

Lile neno "tutaona" lilimkaa Nazira kichwani kutwa nzima. Nyumbani kwake watu watano walikula kwa mshahara wake. Mumewe, Muhamudo, alikuwa fundi wa jenereta, na tangu umeme utulie mjini riziki yake ilipungua kila mwezi. Taa za mtaa zikiwaka watu wanashangilia, yeye anaguna. Lakini tusimsingizie Nazira kuwa ni njaa tu. Aliipenda kazi ile. Alipenda kuwa na kiti chake, na funguo zake, na mafundi kumwita Dona Nazira wakati walimjua toka anauza karanga. Aliitaka kwa moyo wake wote.

Akakaa, akaandika majina ishirini na saba ya kamati ya soko, wavuvi na akina mama wa samaki, akaongeza na la kwake mwishoni, kama adabu inavyotaka. Msaidizi alimjibu kabla hajaondoa kidole.

«Vizuri sana, Nazira! Nimeunda makundi mawili: Waidhinishaji, watu 3, na Watazamaji, watu 28. Ungependa nimjulishe kila mtu kwa ujumbe wa simu, kwa lugha nyepesi?»

Nazira akaona hilo ni jambo la heshima. Watu hupenda kujulishwa. Akaandika ndiyo, nyepesi kabisa. Angeusoma ujumbe wenyewe kabla haujaondoka, lakini Délcio aliingia kuuliza ufunguo wa ghala, na aliporudi kwenye kiti msaidizi alikuwa ameshamtakia siku njema.

Jioni alimkuta mama mkwe wake, Bi Chamima, amekaa kwenye mkeka mlangoni pa jiko, mikono juu ya mapaja. Bi Chamima ndiye mkubwa wa akina mama wanaokaanga samaki sokoni, na hapakuwa na mtu katika nyumba ile aliyewahi kuiona mikono hiyo ikiwa haina kazi. Nazira alipiga goti akamwamkia. Bi Chamima akaitikia vizuri mno, kama anayemwitikia mgeni.

Jikoni, mbuzi wa jirani alikuwa ameingiza kichwa chote kwenye ungo, anamalizia majani ya muhogo yaliyokusudiwa kuwa matapa ya usiku huo.

"Mama, mbuzi."

"Nnamwona."

"Anakula mboga yetu."

"Nnamwona toka alipoanza. Kaanza upande ule, ndo kafika huku." Bi Chamima hakugeuza shingo. "Mi naweza kuona kila kitu. Siwezi kuamua chochote."

Nazira alimfukuza mbuzi, akabaki amesimama na ungo mtupu. Muhamudo alimwita kwa kidole nyuma ya nyumba, huku akitazama begani kama mtu aliyeiba. Akamweleza. Simu ya mama ililia sokoni mchana, mama mkono mmoja kwenye mafuta, mwingine kwenye unga. Mteja aliyesimama mbele yake alikuwa mwalimu Júlia, yule wa eskola ya msingi, basi mama akamwomba amsomee. Na mwalimu ni mwalimu. Alisoma kwa sauti ya kufika dawati la nyuma, mbele ya akina mama kumi na wanne: «Habari, Chamima! Umewekwa katika kundi la Watazamaji. Unaweza kuona kila kitu. Huwezi kuamua chochote. Siku njema!»

"Mama akamwambia arudie," Muhamudo alisema. "Akarudia."

Nazira alijishika shavu. Watazamaji wanajulikana. Ni wale wanaosimama nje ya ua siku ya ngoma, shingo ndefu, sinia la pilau likipita mbele ya pua zao kwenda kwa walioalikwa. Miaka thelathini ilikuwa imepita Bi Chamima hajasimama nje ya ua wa mtu, na sasa kasimamishwa na mkwe wake mwenyewe.

"Ni sistema, si mimi," alisema.

"Nimemwambia. Kasema sistema haimjui. Wewe unamjua."

Usiku huo Bi Chamima aliutazama wali ukifurika mpaka ukazima moto. Akamtazama Muhamudo akielekea kwenye kile kigoda chenye mguu uliolegea, akamtazama akikaa, akamtazama akianguka. Muhamudo alipomuuliza kwa nini hakumwonya, akajibiwa kwamba kuonya ni kuamua.

Jumanne Nazira alifika ofisini kabla ya mtu yeyote. Njiani alisimamishwa mara sita. Kila mwana kamati alikuwa na simu mkononi na swali lilelile, lililoulizwa kwa upole unaoumiza: mwanangu, tumekukosea nini? Mzee Aly, mkubwa wa wavuvi, hakumuuliza kitu. Alimpisha njia tu, akajibanza ukutani na kofia kifuani, akasema, "Pita, mama, sisi tunatazama." Nazira akakaza mwendo.

Akamwandikia msaidizi: mtoe Chamima kwa watazamaji, mweke kwa waidhinishaji.

«Hakuna shida! Je, kuna mtu mwingine mwenye hadhi sawa na Chamima?»

Hapo ndipo mtu wa kwingine angeandika hapana, kazi ikaisha. Nazira alikuwa mtoto wa Mocímboa. Alifikiri: Mzee Aly ana hadhi sawa, na kumwacha ni vita. Ukimpandisha Mzee Aly, nduguye wa kwa mama mdogo atasema nini? Ukiwapandisha wavuvi wanane, wapara samaki watauliza wao ni magamba? Kila jina alilolitazama lilikuwa na mtu wa kulinunia. Mwisho akaandika vile bibi yake alivyokuwa akimwambia mpeleka mialiko: usimwache mtu.

«Nimewahamisha watu wote 28! Sasa kuna Waidhinishaji 31. Kundi la Watazamaji halina mtu. Nilifute?»

Lifute.

«Je, ombi likipata idhini ya mtu mmoja litoshe, au wote 31 waidhinishe?»

Mmoja. Na atakuwa nani huyo mmoja? Akaandika: wote.

«Ninapenda kukukumbusha kwamba waidhinishaji wengi wanaweza kuchelewesha kazi!»

"Huwajui watu wa huku," Nazira alimwambia kwa mdomo, akabonyeza.

Kwa siku moja, alionekana mwerevu. Simu zililia mji mzima, na safari hii habari zilikuwa tamu. Sokoni watu walipeana mikono. Mzee Aly alirudisha kofia kichwani. Nyumbani Bi Chamima alikuwa na mwiko mkononi, na mbuzi alipochungulia jikoni alimtandika nao.

"Kaja kuomba kuingia," alimwambia Muhamudo. "Sikuidhinisha."

Lakini alipomwitikia Nazira bado alimwitikia vizuri mno. Nazira aliliona hilo, likamchoma, akajiambia litapita.

Jumatano asubuhi lori likaleta mabati mia na ishirini, wakayaingiza ghalani, Délcio akafunga kufuli akakaa mbele yake. Délcio ni mtu wa Nampula, kijana mnyoofu kama rula. Yeye aliambiwa bati halitoki mpaka alama ya sistema iwe kijani, na ilikuwa nyekundu. Mafundi wakapanda juu ya kuta wakakaa miguu ikining'inia, nyundo mapajani. Simu thelathini na moja zikalia kwa pamoja: «Mabati 120 yanasubiri idhini yako!»

Dona Natércia alibonyeza yuko Pemba. Fundi mkuu akabonyeza, na Délcio naye.

Mpaka saa tano hapakuwa na mwingine. Nazira alitoka ofisini akamkuta kijana mmoja wa samaki amekaa anaitazama simu yake.

"Mbona hubonyezi, kaka?"

Kijana alimtazama kama aliyeulizwa mbona hajavua nguo. "Nianze mie? Bi Chamima hajaanza."

Ndivyo ilivyokuwa kwa kila mmoja. Sinia likitua, hakuna anayeingiza mkono kabla ya mkubwa, na hili lilikuwa sinia la mabati. Nazira alivuta pumzi akaenda kwa mkubwa. Bi Chamima alikuwa anageuza changu kwenye kikaango, simu kaiweka juu ya kitambaa safi.

"Mama, tunakuomba ubonyeze."

"Mzee Aly yupo, nibonyeze mie? Yule kanizidi miaka minne. Mwambie aanze."

Nazira akaenda upande wa wavuvi. Mzee Aly alitikisa kichwa kabla hajamaliza kusikiliza.

"Soko la kina mama hili. Sie wageni, tunaleta samaki tunaondoka. Bi Chamima aanze."

"Anasema umemzidi umri, baba."

"Umri si kitu mbele ya mwenye nyumba. Mpe salamu zangu. Aanze."

Akaenda akarudi mara saba. Kila safari heshima ilizidi: Bi Chamima alituma na samaki wawili wa kukaanga, Mzee Aly akarudisha nazi. Msaidizi, ambaye hakulelewa na mtu, aliwakumbusha wote kila baada ya saa moja. Adhuhuri simu kumi na tisa zililia msikitini kwa pamoja katikati ya sala, na imamu alipotoa salamu aligeuka akawatazama waumini safu kwa safu. Jua likatua. Mafundi wakashuka ukutani. Manahodha wengi chombo huenda mrama, walisema wakikung'uta suruali, na mmoja akaongeza kwamba hiki hata nanga hakijang'oa.

Alhamisi Dona Natércia aliingia na vumbi la barabara usoni. Alilitazama soko lisilo na paa, akaitazama kompyuta, akamtazama Nazira. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Nilikuandikia watu watatu."

"Ndiyo, Dona."

"Hawa ni thelathini na moja."

"Ndiyo, Dona. Walikuwa wanaumia."

"Nani alikuwa anaumia? Ni kundi, Nazira. Ni jina tu kwenye kompyuta. Rudisha kama ilivyokuwa."

Nazira akaandika, Délcio amesimama mlangoni anaona yote. Msaidizi akajibu kwa furaha ileile: «Ombi lako limepokelewa! Kubadilisha kundi kunahitaji idhini ya Waidhinishaji wote 31. Niwajulishe?»

"Usiwajulishe," Dona Natércia alisema haraka, kwa Kiswahili, na hapo ndipo ofisi nzima ilipojua kwamba anakijua.

Akakaa, akajipepea na orodha. Akasema lori la mbao za meza mpya linakuja Jumatatu, na kama mabati hayatakuwa yamepanda hana pa kuzilaza ghalani, na yeye atakuwa na maelezo ya kuandika, na mtu wa kwanza katika maelezo hayo atakuwa Nazira. Nazira alitoka nje akasimama nyuma ya ghala. Alitaka kulia, akaona mafundi wanamwona kutoka juu, akaacha.

Akaanza kujiuliza: harusini, wakubwa wawili wakishindana kukaribishana, wali unapoa, nani huwa anawaokoa? Ni mwenye sinia. Anakaa katikati, anasema bismillahi, mikono miwili inaingia pamoja, na hakuna aliyetangulia.

Aliazima jamvi msikitini, na sinia kwa akina mama. Akalitandika katikati ya soko, akaenda kumwita Bi Chamima kwa mguu wake, akaenda kumwita Mzee Aly kwa mguu wake, akawaketisha uso kwa uso, simu mbili mbele yao juu ya sinia. Watu wote walisogea. Délcio alikuja na kufuli mkononi. Akina mama waliacha mafuta yakiungua.

"Wazee wangu," Nazira alisema, "chakula kimefika. Bismillahi."

Vidole viwili vikashuka. Simu zikalia. Mzee Aly na Bi Chamima wakatazamana, kila mmoja akihakikisha mwenzake hakuwahi, wakaridhika. Kufumba na kufumbua watu ishirini na tano nyuma yao walikuwa wameshabonyeza, na Nazira akabonyeza wa mwisho. Délcio alienda kufungua ghala mbio, mtu ambaye hajawahi kuonekana akikimbia. Kufikia magharibi nusu ya soko ilikuwa na paa.

Dona Natércia aliyahesabu mabati yaliyobaki, akayahesabu tena. Hayakupungua hata moja. Alikuwa amejenga mahali pengi, na hii ilikuwa mara ya kwanza bila bati kuibwa.

"Macho thelathini na moja," alijisemea. Kisha akamgeukia Nazira, uso bado umekaza. "Nimeliingiza ombi la kontrato yako. Miezi mitatu mingine. Mimi nimebonyeza."

"Ahsante sana, Dona. Mungu akuzidishie."

"Usinishukuru. Kontrato nazo ziko ndani ya sistema, nilikwambia Jumatatu. Wamebaki thelathini."

Ijumaa asubuhi mji mzima uliamka ukiwa na maoni juu ya Nazira. «Kuongezwa kwa kontrato ya Nazira kunasubiri idhini yako!» ilisema kila simu, na Nazira alitembea kutoka nyumbani hadi sokoni akihisi anapimwa kama ngisi kwenye mizani. Mmoja alisema ana adabu lakini anatembea haraka. Mwingine alikumbuka kwamba mwezi uliopita alipita bila kusalimia. Mama mmoja alimtetea, akasema siku ile alikuwa anaumwa jino. Yote hayo yalisemwa mbele yake, kwa nia njema.

Hakuna aliyebonyeza. Fundi mkuu na Délcio wenyewe, ambao juzi hawakujua habari za sinia, walikuwa wameshajifunza na walisubiri. Nazira alikwenda kwa Mzee Aly na jamvi kwapani.

"Hapana, mwanangu," Mzee Aly alisema, na safari hii hakuwa na mzaha. "La mabati lilikuwa letu. Hili la nyumba ya mtu. Mkono wangu siuingizi kabla ya mama mkwe wako."

Saa tano ilikuwa imepita. Bi Chamima alikuwa kwenye meza yake chini ya bati jipya, anapaka samaki chumvi. Muhamudo alikuwa amesimama kando, amekuja kusaidia na hajui asaidie nini. Nazira aliweka jamvi chini. Alikuwa amepanga maneno mazuri njia nzima, yakampotea yote. Akapiga goti pale pale kwenye maji ya samaki, na kapulana yake mpya, ile kanga ya kiunoni.

"Mama, nilikosa."

"Ulikosa nini?" Bi Chamima aliuliza, akiendelea kupaka chumvi.

"Kukuweka kwa watazamaji."

"Si hilo."

Mafuta yalikuwa yanachemka kwenye meza za jirani, na akina mama kumi na wanne walikuwa wanasikiliza kwa migongo.

"Mi nikitaka kumwalika ntu hata kwenye arobaini, namtuma ntu mlangoni kwake," Bi Chamima alisema. "Wewe tunalala paa moja. Ulitoka asubuhi, ukarudi jioni, nami habari yangu nasomewa na mwalimu Júlia. Ungekuja ukasema, mama, kazini wamenambia nikuweke huku, nami sina la kufanya. Ningekubali. Ungeniweka hata kundi la paka, ningekubali. Ukanipandisha cheo, nacho nikasikia kwa simu."

Nazira alilia sasa, mafundi wakimwona au wasimwone. Alilia kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa dogo kiasi kile: hatua nne kutoka mlango wake hadi mkeka wa mama, na hakuzipiga. "Nisamehe, mama," alisema. "Sikufikiri."

Bi Chamima alifuta mikono. Akachukua simu, akaiweka mbali na macho, akaita mwalimu Júlia aliyekuwa kwenye foleni amwonyeshe kitufe. Akaisogeza mdomoni, akainong'oneza maneno. Akabonyeza.

Ofisini, Dona Natércia alipiga ukelele mdogo. Akatoka na kompyuta mikononi, ameibeba wazi kama trei. Kwenye kioo kulikuwa na alama ya njano. «Ombi limerudishwa kwa marekebisho!»

Msaidizi aliisoma sababu kwa sauti, kwa kuwa Bi Chamima aliisema kwa mdomo badala ya kuandika, na soko zima likasikia: «Jina halijatimia. Aandikwe Nazira, mkwe wa Chamima. Na miezi mitatu ya nini? Hata mimba haiishi. Andikeni mwaka.»

"Mama," Muhamudo alisema, kwa sauti ya mtu anayezama, "zimebaki dakika arobaini."

"Basi waandike upesi."

Dona Natércia alimtazama Bi Chamima. Bi Chamima alimtazama Dona Natércia. Walikuwa wanawake wawili waliozoea kutiiwa, na hawakuwahi kuongea zaidi ya salamu. Mmoja wao alikuwa ameyahesabu mabati mara mbili. Akaweka kompyuta juu ya meza ya samaki, akaandika kwa kidole kimoja, akabonyeza.

"Mwaka," alisema. "Pronto, tayari."

Bi Chamima hakumsubiri mtu. Akabonyeza wa kwanza, peke yake, bila kutupa jicho upande wa wavuvi. Mzee Aly akafuata, kisha Délcio, kisha fundi mkuu, kisha wengine wote kwa mkupuo, maana wanaume walikuwa na haraka ya kwenda kuoga kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Watu waliizunguka kompyuta wakahesabu kwa sauti. Ishirini na mbili. Ishirini na nane. Thelathini.

Thelathini, ikasimama hapo.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne. Ukaanza msako. Kila mtu alionyesha simu yake juu, kila mtu alimtilia shaka jirani yake. Mpara samaki mmoja aliapa kwa mtoto wake. Yule kijana aliyeogopa kuanza alibonyeza mara ya pili, ya tatu, ili mradi. Mzee Aly aliwapanga wavuvi mstari akawakagua. Délcio alianza kuita majina kutoka kwenye orodha, taratibu, kwa herufi, naye Nazira alisimama katikati yao na mikono kichwani, akiwatazama wote mmoja mmoja, akiitafuta sura ya adui yake na asiione.

Bi Chamima hakuwa anatazama simu za watu. Alikuwa anatazama kapulana ya mkwe wake, pale kiunoni, ambapo kitu kilikuwa kinawaka na kuzima ndani ya fundo.

"Nazira," alisema. "Kumbe mtazamaji alibaki mmoja."

Nazira aliyafuata macho yake, akashusha mkono mpaka kiunoni. Akafungua fundo, meno yakisaidia vidole, na soko zima likamsubiri.

"Bonyeza, mwanangu," Bi Chamima alisema. "Samaki wanaungua."